Mzee Sostenes Ntandu, Aliyemchelewesha Mtakatifu Anna

Wasifu huu umeandaliwa na familia na kusomwa na mdogo wake marehemu, Mzee Zefania Ntandu.

Marehemu Mzee Sostenes Ntandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Issuna, ambacho sasa kipo wilaya ya Ikungi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Abraham Ntandu na Mama Hajira.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1955 hadi alipohitimu darasa la nane mwaka 1962. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzilazimisha. Lakini Padre Anselmo, aliyekuwa mlezi wetu, alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Ulaya wa miaka mia tatu na zaidi iliyopita: Mtakatifu Petro akilia kwa majuto, Maria Magdalena na fuvu mkononi, Mtakatifu Yeronimo amekonda kwa kufunga. Sostenes alikitazama kitabu hicho kila Jumapili baada ya misa, hadi Padre akachoka kukifungua na kukifunga, akamwachia.

Mwaka 1963 aliajiriwa misheni kuwa fundi rangi. Siku za kazi alipaka milango na madawati. Jioni kabla jua halijazama alichora watakatifu kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, alichokinunua kwa rafiki yake Abdulmajidi, mfanyabiashara wa sokoni. Kama wachoraji wale wa zamani, aliweka giza zito nyuma na mwanga upande mmoja tu wa uso. Abdulmajidi alipoziona picha za kwanza alisikitika.

"Fundi, hawa watu wenu wamekosa mafuta ya taa? Njoo dukani uwachukulie chupa moja."

"Wakiwa kwenye mwanga mwingi, ndugu yangu, hutajua wanatazama nini," alijibu marehemu.

Tarehe 9 Oktoba 1970 alifunga ndoa na Emiliana, binti wa Mzee Benjamin wa Mitundu. Emiliana hakuwahi kupelekwa shule, kwa kuwa nyumbani kwao waliosoma walikuwa wavulana tu.

Mwaka 1975 Padre Anselmo alimwagiza marehemu picha kubwa ya kanisa la kigango: Mtakatifu Anna akimfundisha bintiye Bikira Maria kusoma. Askofu angekuja kuibariki tarehe 26 Julai, sikukuu ya Mtakatifu huyo. Marehemu, ambaye hakuchora uso asioujua, alimkalisha mkewe kitini na kumpa kitabu. Alichora wiki sita, akaweka kila alichokiona bila kupunguza kitu. Padre alikuja kuitazama, akacheka hadi akavua miwani.

"Sostenes! Mtakatifu Anna amekishika kitabu juu chini!"

Marehemu alichukua brashi upesi ili akigeuze. Emiliana, aliyekuwa mlangoni na uji wa mgeni, akamzuia.

"Utageuza kitabu, Baba Raheli, mimi utakuwa hujanigeuza. Wanawake wenzangu watapiga magoti mbele ya uongo, na uongo wenyewe una sura yangu. Nifundishe kwanza."

"Mama, Askofu anakuja mwezi ujao," Padre alimsihi.

"Baba, Askofu anajua kusoma. Yeye hana haraka."

Marehemu akaosha brashi zake. Alijua angeweza kuipoteza kazi ya misheni. Sikukuu ilipofika, Askofu alikuta ukuta wa kanisa umefunikwa shuka jeupe. Akauliza Mtakatifu yuko wapi. Marehemu alipiga goti na kusema, "Mhashamu, yuko darasani." Sisi tuliokuwa kwaya tuliinamisha vichwa kwa hofu. Askofu akasikiliza habari yote, akaubariki ukuta, akaahidi kurudi.

Miaka miwili Emiliana alisoma: mchana katika darasa la watu wazima, jioni na mumewe, akiandika kwa mkaa juu ya ungo uliochakaa. Mwaka 1977 aliketi tena kitini. Watakatifu wengi wa kitabu kile hutazama juu mbinguni kwa macho ya machozi. Anna wa Issuna anatazama mstari, kidole kikiwa juu ya neno, na kipaji cha uso kimekunjamana kidogo. Padre alipouliza mbona hatazami juu, marehemu alijibu kwamba mstari ndio sala yake. Julai hiyo Askofu alirudi, akaibariki picha.

Kuanzia mwaka 2015 presha ya macho ilimnyima marehemu kazi yake, na mwaka jana moyo nao ukadhoofika. Hakunung'unika. Kila asubuhi Emiliana alimsomea Biblia, naye akimkosoa: "Usikimbie, Mama Raheli." Akajibiwa: "Mwalimu, umezeeka tu, huwezi kunifuata." Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, akiwa nyumbani, alisomewa Zaburi, akaomba mstari mmoja urudiwe. Emiliana aliurudia. Alipouliza kama aurudie tena hakujibiwa. Akamshika mkono, akaendelea kusoma bila kukimbia, hadi mwisho wa Zaburi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, Raheli, Deo, Selina na Lazaro, wajukuu kumi na saba, vitukuu sita, na ndugu yake mmoja, ambaye amefurahi kuwasomea haya.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampumzishe kwa amani.