Mama Hodi Anakabidhi Mlango

Miaka ishirini na saba na miezi minne: huo ndio utumishi wa Mama Hodi, mpaka Ijumaa hii, tarehe 30, atakaporudisha kitambulisho na kwenda zake nyumbani. Mimi niliyetwishwa kazi ya kuandika haya ni jirani yake wa meza kwa miaka tisa, na kwa miaka hiyo karibu yote nimekaripiwa.

Alianza kama karani wa kuchapa fomu, enzi ambazo kompyuta ya idara ilikuwa moja na ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Alipogundua kwamba kuna watu wanaoziandika programu zenyewe, aliazima vitabu akajifunza, mtoto mgongoni. Leo mtoto yule ana watoto wake.

Jina tulimpa sisi. Kwake yeye, mtu akibonyeza kitufe kwenye ukurasa amepiga hodi, na lazima ndani awepo wa kuitikia. Data inayotoka kwenye seva, ile kompyuta kuu, ni mgeni aliye njiani. Hitilafu ikitokea hakuuliza nani kaharibu. Aliuliza nani katangulia kufika, mgeni au mwitikiaji. Na data isipokuja, programu ipige hodi mara tatu kisha iseme wazi kwamba imekosa, isimwache mtu akitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Kiduara kile alikichukia kwelikweli.

Sasa niseme langu, maana yeye hatalisema. Miaka mitatu iliyopita, Jumatatu asubuhi, tulizindua ukurasa wa kitengo cha kusafisha damu katika hospitali moja. Muuguzi akibonyeza jina la mgonjwa, cheti cha matibabu kinafunguka, ndipo anapangiwa mashine. Saa tatu simu ikaja: majina yanaonekana, lakini ukibonyeza, kimya. Wagonjwa sita wameketi wanasubiri, na mgonjwa wa figo haambiwi njoo kesho. Msimbo wa programu ulikuwa wangu, na kwenye kompyuta yangu ulifanya kazi bila shida. Nikapendekeza tuucheleweshe msimbo sekunde tatu ili data itangulie kufika, mambo yaishe, na hata mkuu wetu akakubali.

Mama Hodi akasema, "Mgeni hasubiriwi kwa saa. Anasubiriwa mpaka afike."

Akabeba mkoba, nami nyuma yake, hadi mapokezi ya kitengo kile. Akaketi kando ya muuguzi, akamwomba afanye kama kawaida yake, yeye akitazama tu. Mtandao wao ulikuwa wa kusuasua. Majina yalichukua sekunde kumi na moja kufika, ilhali mimi nilikuwa nimempanga mwitikiaji kwenye kila jina kabla majina hayajawapo. Yaani nilimweka bawabu kwenye nyumba isiyojengwa! Mama Hodi akamtoa huko, akampanga kwenye jedwali lenyewe la majina, ambalo lipo tangu ukurasa unapofunguka. Jina lolote likifika, hata likichelewa, likiguswa linasikika. Mistari minne tu. Saa tano kasoro robo cheti cha kwanza kikafunguka, cha mzee mmoja ambaye miguu ilishamvimba. Alipoinuka kuingia ndani, nilitaka kulia.

Nilidhani yameisha. Kumbe bado. Aliniita mbele ya wale watano waliobaki, akanitaka niwaeleze kosa lilikuwa la nani. Nikawaeleza. Mama mmoja akanitazama juu mpaka chini, akaniambia haya, mwanangu, kajifunze. Nimejifunza. Tangu siku hiyo sijaandika sekunde ya kubahatisha.

Shemeji yetu, mumewe, ametuomba tumrudishe polepole. Nyumbani kuna mlango wa jiko usiofunga, na kwa miaka kumi amekuwa akimwambia mkewe kwamba utakaa sawa wenyewe. Pole, shemeji.

Siku ya Jumanne Mama Hodi alinipa fomu ya makabidhiano ya ukurasa ule ule wa hospitali. Kwenye nafasi ya mtunzaji alikuwa amekata jina lake na kuandika langu, kwa kalamu ile nyekundu ambayo miaka yote nimeijua kwa kukata kazi zangu. Kisha akaendelea kupanga mkoba wake.

Asante, Mama Hodi. Nenda kapumzike, wajukuu wakuchoshe, afya isikupungukie. Na siku ukipita huku, usipige hodi mara tatu. Moja inatosha. Tupo ndani, tunasikia.