Bwana Meza Ameketi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne melini, Mkuu wetu wa Ukumbi wa Chakula anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho. Sisi tunamjua kama Bwana Meza tu.

Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kubeba trei, na mwaka wa tisa akakabidhiwa ramani ya meza. Asiyefanya kazi ukumbini hajui uzito wa karatasi ile. Siku ya kwanza ya kila safari, hata mizigo haijafika vyumbani, foleni ya abiria huwa imeshajipanga mbele yake. Huyu anataka dirishani, yule hataki kusikia mlango wa jikoni, bibi mwingine anataka meza yoyote ilimradi iwe mbali na wifi yake. Bwana Meza aliwasikiliza wote huku akiandika kwa penseli. Wino, alikuwa akisema, ni wa watu wasiowajua abiria.

Meza iliyogombewa kuliko zote ni namba 27, ya watu wawili, dirishani. Hakumpa mtu kabla ya mlo wa kwanza. Alizunguka kwanza ukumbini akiangalia ni nani anakula na mawazo yake yako kwingine, na kesho yake hao ndio waliokaribishwa pale. Mheshimiwa mmoja alinuna safari nzima. Bwana Meza alimpelekea supu ya moto na pole nyingi, meza hakumpa.

Lakini kinyozi hajinyoi. Binti yake alipoolewa, Bwana Meza alipanga viti vya wageni mia mbili akiwa baharini, akatuma mchoro nyumbani, kila shangazi na kila mjomba mahali pake. Wiki ya harusi injini ya meli ikaharibika, akapata ruhusa, akafika mbio na suti mkononi. Ukumbi umejaa, kiti chake hakipo. Hakujiwekea, kwa mazoea ya kutokuwepo. Akasimama mlangoni akikaribisha wageni hadi mwisho.

Kisa hiki alitusimulia miaka mingi akicheka, nasi tukicheka naye hadi mbavu ziume. Mwaka jana alipokirudia hakucheka. Alisema mkewe alimwona pale mlangoni, akageuza uso. Akasema pia kwamba kabla hajashuka melini kwa mara ya mwisho, anatamani mlo mmoja tu, yeye na mama watoto, wameketi wote wawili.

Kampuni ilimruhusu kusafiri na mkewe kama abiria kwa siku tatu. Penseli nikaishika mimi, msaidizi wake, na nilikuwa nimeshawaandika namba 27. Alipoona, akachukua raba akafuta mwenyewe, akaenda kupanga foleni nyuma ya watu kumi na watatu. Wakaangukia meza ya watu wanane, jirani na mlango wa jikoni.

Jioni hiyo alinyanyuka mara sita. Mara uma umepinda, mara mhudumu kasahau maji. Mara ya sita mkewe akamshika pindo la koti. Mimi nilikuwa nazunguka ukumbini kama alivyonifundisha, nikamtazama mama yule na sahani yake ambayo haijaguswa. Sikuhitaji kuzunguka zaidi.

Kesho yake tukawaketisha namba 27, safari hii kwa haki. Tulifungua pazia lote, bahari ikajaa dirishani. Mama akakikataa kiti kinachotazama nje, akakaa akiipa bahari mgongo. Alisema bahari imemtazama mumewe miaka thelathini na mmoja, sasa ni zamu yake. Bwana Meza hakunyanyuka hata mara moja. Glasi mbili zilivunjika nyuma yake, na hakugeuka.

Mkuu, asante kwa kila ulichotufundisha. Ukumbi utatupwaya bila wewe, na tunaosema hivi tumeshaanza kukukumbuka. Tulitamani ubaki japo msimu mmoja zaidi, ila tumeona haya kumwomba tena mwenye mali. Tunawatakia afya njema na siku nyingi za kula pamoja.

Mama, tulimwazima kwako. Tunamrudisha, na tunaomba radhi kwa kuchelewa.