Bwawa la Mbele ya Benchi

Ukiwataka watu wanaoweza kutengeneza barabara zote za dunia bila kuinua makalio, nenda kwenye benchi la Shangazi Kahawa saa mbili asubuhi. Ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, umetulia kwenye sakafu ya saruji kando ya barabara, na mbele yake, hatua tatu tu, kuna shimo ambalo mtaa mzima unaliita Bwawa, kwa sababu halikauki hata jua liwe la kukaanga mayai. Asubuhi hiyo Injinia aliwahi kuliko wote. Alivaa shati alilohitimia chuo, limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na magotini alikumbatia bahasha yenye cheti cha uhandisi wa barabara. Kwa miaka minne cheti hicho kilikuwa kimewanufaisha mende peke yao. Kampuni iliyopewa matengenezo ya barabara hii ilitaka msimamizi mmoja wa kipande cha mtaa, na bosi wao angepita leo kukagua. Nafasi moja, na Injinia alikuwa ameshaiota mara tatu, mara zote akiwa na kofia ngumu.

Lori likaingia Bwawa, likatoka likiguna. Injinia aliinua bahasha juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mtoto. Tone moja likamtua kwenye kola.

— Hilo limetoka ng'ambo, alisema Mipaka, dereva wa masafa marefu aliyekuwa likizo ya lazima baada ya gari lake kuvunjika springi. Limezoea vibaya. Kule ukiweka kikombe kwenye dashibodi, unakikuta kimelala usingizi.

— Acha chumvi, akasema Wembe, kinyozi aliyekuwa na kiti kimoja cha wateja na maoni ya kujaza ukumbi.

— Chumvi gani? Mimi navuka mipaka mitatu, kaka. Hata nikifungwa kitambaa machoni, figo zinaniambia nimeingia nchi ipi. Nchi ya kwanza, figo zinacheka. Ya pili, zinanuna. Nikifika kwetu, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Shangazi Kahawa alicheka mpaka birika likatikisika. Alimmiminia Injinia kikombe, akamfuta kola kwa kanga.

— Kunywa, mwanangu. Usitetemeke. Huyo bosi ni mtu tu, ana pua kama wewe.

— Sitetemeki, Shangazi. Ni baridi.

— Baridi ipi, na jua hili?

— Hapo hapo! Wembe alidaka. Jua! Umesikia? Siri ya wenzetu ni baridi. Lami ni kama siagi, ukiiweka juani inakwenda zake. Kule kwenye baridi imeganda, itakwenda wapi?

— Na ile nchi niliyotoka juzi, jua linayeyusha kandambili, na barabara imenyooka kama umeichora kwa rula? Mipaka aliuliza.

Wembe hakurudi nyuma. Hajawahi.

— Basi pale wakubwa wao wanasafiri kwa gari. Wa kwetu wanapita juu, kwenye helikopta. Watalionaje shimo? Kwa huko juu Bwawa ni kitone. Wanadhani ni ng'ombe amelala.

— Hapo kidogo umegusa, alisema Mipaka.

— Sijamaliza. Nani anauza springi? Nani anauza matairi? Hao hao wanaotuuzia lami! Nawaambia, ile lami inakuja na mbegu za mashimo ndani yake. Unaimwaga leo, inakaa kama miezi sita, inachipua. Kwenye nchi zao wanatumia ile isiyo na mbegu.

Watu wa benchi walipiga makofi. Injinia alijaribu kunyamaza. Alijiapiza nyumbani, mbele ya kioo, kwamba leo atakaa kimya kama mtu wa maana. Lakini kusikia barabara ikizungumzwa hivyo, kwake, ilikuwa kama daktari kusikia homa inatibiwa kwa kupigiwa filimbi.

— Come on, jamani! Mbegu? Serious? Akasimama, bahasha kwapani. Sikilizeni. Barabara ina design life. Imehesabiwa: itabeba magari mangapi, mazito kiasi gani, kwa miaka mingapi. Nchi moja inapima malori njiani, nyingine inayapungia mkono. Nchi moja inaziba ufa ukiwa mwembamba kama unywele, nyingine inasubiri ufa uzae. Lami ni ile ile, mashine ni zile zile. Tofauti ni maintenance! Na adui ni mmoja. Profesa wetu alikuwa anaingia darasani, anaandika ubaoni neno moja, anatoka. Maji! Maji yakikosa pa kwenda, yanakwenda chini ya barabara, yanalegeza udongo, na gari likipita juu, kwisha habari. Hawa wanaoitwa wakandarasi hawajui hata hilo! Vihiyo watupu! Na mimi niliyesomea nimekaa hapa nakunywa kahawa!

Mipaka aliinua kikombe, kwa heshima.

— Msomi amemwaga elimu, alisema.

— Lakini hajakanusha mbegu, alisema Wembe.

— Mimi naona tofauti ni mtu tu, Shangazi akasema taratibu, akipanga vikombe. Nilipokwenda kumuuguza dada yangu kule ng'ambo, nilimwona mzee mmoja, kila asubuhi na koleo lake. Kipande chake kilikuwa kuanzia kwenye kona mpaka kwenye shule. Anazoa majani, anazibua, anaziba. Shule ikifungwa, yupo. Barabara yao ilikuwa na mtu. Hii yetu ni ya nani?

Ndipo walipogundua kwamba mwanamke mwenye mabuti ya mpira na fulana ya kung'aa alikuwa amesimama mbele yao muda wote huo, koleo na sururu vimeegemezwa kwenye pikapu nyuma yake. Umri wake ulikuwa wa mtu unayemwamkia kwanza, ndipo umuulize jina.

— Shikamoo, alisema Injinia, akanyoosha bahasha.

— Marahaba. Hakuipokea. Alikuwa analitazama Bwawa. Akatazama upande wa juu wa barabara, ambako waosha pikipiki walikuwa wakimwaga ndoo, na maji yanashuka kidogo kidogo pembeni. Akayafuata kwa macho mpaka hapo. Halafu akauliza, bila ukali wowote, kama anayeulizia choo:

— Mtaro wa hapa uko wapi?

Wembe alitazama kushoto. Mipaka alitazama kulia. Shangazi akafunika birika, ingawa lilikuwa limefunikwa. Wote walijua.

Mtaro ulikuwa chini yao. Miaka mitatu nyuma benchi lilikuwa linainamia mtaroni, vikombe vinateleza, na Wembe alishaanguka mara mbili kwa kucheka. Wakamwambia msomi wao aokoe jahazi. Injinia akajaza mtaro kifusi, akakishindilia, akamwaga zege juu, akalisawazisha kwa pimamaji la kuazima. Ilikuwa kazi ya kwanza kuisimamia tangu ahitimu, na ya pekee iliyopata sifa. Saruji ikiwa bado mbichi, alichukua msumari akaandika kwa fahari: INJ., na mwaka.

Sasa kiatu chake cha kulia kilikuwa juu ya maandishi hayo. Kilikuwa kimeng'arishwa vizuri, na kiliyafunika yote.

— Pengine hawakuchimba kabisa, dada, Mipaka alijaribu kumwokoa. Unawajua wakandarasi.

— Vihiyo, Wembe aliongeza.

Mwanamke alimtazama Injinia, bahasha ingali hewani. Ingekuwa rahisi. Kiatu kikikaa hapo dakika mbili zaidi, angepanda pikapu na kuondoka naye. Lakini Injinia aliwaza maji yakienda chini ya barabara, taratibu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na yeye amekaa juu yake akiwatukana wengine.

Akasogeza kiatu.

Mwanamke akainama, akasoma. Akaigonga sakafu kwa kisigino cha buti, hapa na pale, akisikiliza.

— Hii ni yako?

— Ni yangu.

— Miaka mitatu, na haina hata ufa. Akatikisa kichwa. Barabara nzima, ndicho kitu pekee kilichojengwa sawasawa. Na ndicho kinachoiua.

Akaenda kwenye pikapu, akarudi na sururu. Akaichukua ile bahasha kutoka mkononi mwa Injinia, akampa Shangazi amshikie, na sururu akamkabidhi yeye.

— Inukeni, jamani, alisema Injinia.

Iliwachukua nusu saa. Mipaka na Wembe walibeba benchi wakilisindikiza kwa kelele kama wamebeba bibi harusi. Zege lilikuwa bora kweli. Kila pigo Injinia alijilaani kwa kuliwekea saruji nyingi, na shati la kuhitimia likapasuka kwapa. Kifusi kilipotoka, maji ya waosha pikipiki yaligugumia, yakaingia, yakapita. Bwawa lenyewe, lililokatiwa kwa koleo kijifereji mpaka mtaroni, likaanza kushuka. Mtaa ukashangilia. Shangazi akagawa kahawa ya mwisho, kisha akaliinamisha birika kuonyesha limekauka.

Maji yalishuka hatua hamsini. Yakafika kwa wacheza drafti wa kona ya chini, waliokaa raha mustarehe kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, yakasimama, na yakaanza kuingia barabarani.

Mwanamke akamgeukia Injinia polepole.

— Ile nayo?

Injinia alijifuta uso kwa mkono wenye tope.

— Waliona hii, wakaipenda.

— Jumla ziko ngapi?

— Nne.

Mwanamke alitoa daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya.

— Basi kazi unayo mpaka Ijumaa. Buti unavaa namba ngapi?