Figo Zangu Zilikuwa Zinakosa Hewa

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Mimi ni Maman Neema, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagira. Wengi wenu mliniombea nilipokuwa mgonjwa. Leo nataka mjue na dhambi niliyoifanya katika ugonjwa ule.

Ulianza kwa uchovu. Nikipanda kilima kwenda shuleni, nilisimama mara tatu kutafuta pumzi. Miguu ikavimba, viganja vikapauka. Watu wakaniambia, hii ni karuho, ile sumu inayoua polepole! Nani kanilisha? Nikamtaja wifi yangu, Maman Zawadi, kwa sababu nilikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwake siku ya ubatizo wa mtoto wake. Nilimtaja mbele ya familia yote, ndugu zangu! Alilia akasema, "Wifi, si tulikula mu sahani moja?" Sikumsikia. Habari ikafika sokoni anakouza sambaza. Watu wakaogopa samaki wake, wakapita meza yake kama haipo.

Mwaka mzima nilikunywa dawa za miti ili nitapike sumu. Nilitapika, na bado nikazidi kuvimba. Mwisho nikaanguka darasani, chaki mkononi. Mume wangu akanipeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, alipima tension, yaani presha, kisha damu na mkojo. Nikamuuliza kama ameiona sumu.

"Hapana, maman. Iko tension ya miaka mingi. Imeharibu mishipa midogo ya figo, sasa figo inakosa oksijeni."

Akanieleza taratibu. Sehemu ya figo inayokosa hewa hufa na kuacha kovu. Kovu hubana mishipa iliyobaki, hewa inapungua tena. Tena figo ndizo zinazouambia mwili utengeneze damu. Zikichoka, damu hupungua, na damu ndiyo inayobeba hewa. Ndiyo maana nilihema! Na zile dawa za miti, akasema, huenda zilizidi kuziumiza.

Mngedhani nilifurahi. Nilifunika uso kwa kitenge. Nilikuwa nimeliua jina la wifi yangu kwa mdomo wangu.

Nilipewa vidonge vya tension na sindano za kusaidia mwili kutengeneza damu, nikakatazwa chumvi na dawa za miti. Nilipoweza kutembea, nilikwenda sokoni kabla ya kwenda popote. Nikasimama mbele ya meza ya wifi yangu, nikapaza sauti: "Nilimsingizia huyu! Hakunipa sumu. Ni mimi niliyesema uongo!" Maman Zawadi akasogeza kibao chake cha kukalia.

"Ikala kwanza," akasema. "Ungali unahema."

Tulilia pamoja pale pale. Haleluya!

Ndugu zangu, sitawadanganya. Figo zangu hazikurudi kuwa mpya. Daktari alisema kovu haliondoki. Lakini damu imepanda, uvimbe umeisha, ugonjwa umesimama, na ninafundisha nikiwa nimesimama. Asante Yesu! Asante kwa daktari uliyempa akili, asante kwa wifi uliyempa moyo.

Na wewe unayevimba miguu, unayekosa pumzi, usitafute adui. Mtumaini Bwana, kisha nyoosha mkono wakupime tension. Na kama una jina la mtu mdomoni mwako asubuhi hii, usilitoe. Limeze. Halafu uje hapa mbele tuombe.