Sufuria la Pilau Katika Ziwa la Kikungwani

Mwaka ule wa 1951, Shaaban ikielekea ukingoni, baraza yetu ya nyuma ya soko la Darajani ilikuwa na hasira nyingi kuliko kahawa. Tulikuwa tumeshapanga kuvunja jungu, ile karamu ya kuukaribisha mwezi wa kufunga, kwa mandari nyingine ya kupika na kula porini Kikungwani, kama ile ya mwezi uliopita, kwenye ule mwitu wa kusini wenye ziwa la maji matamu, ambako mtu wa mjini hutembea chini ya miti mpaka akasahau anadaiwa kurudi. Alasiri hiyo Shamsi, dereva wa lori, ambaye tulimwita Dira kwa sababu hajawahi kukubali kuwa kapotea, alituletea habari kwamba Bwana Misitu, mzungu wa serikali anayesimamia miti, kaufunga mwitu wote. Miraji, tuliyemwita Serikali kwa kuwa aliwahi kuwa tarishi wa ofisini, alikuwa ameshaweka karatasi gotini, anaandika malalamiko. Borafya, mpishi wetu wa mandari, hakuwa akikaa wala kusimama.

— Seng'enge nyuzi tano, alisema Dira. Na kibao: marufuku kuingia.

— Marufuku kwa nani? aliuliza Borafya.

— Kwako wewe na tumbo lako.

— Mimi nimefanya nini? Mtu kutembea chini ya miti ya Mungu ni kosa?

— Nyinyi hamjui, alisema Serikali. Nlipokuwa ofisini nliziona karatasi. Wazungu wanataka kuleta vijimashua vya makasia, wake zao wakae humo na miavuli.

— Mashua gani, yakhe, alisema Dira. Chini ya ziwa lile mna jahazi la Mreno, limejaa dhahabu. Wanataka kulitoa kimyakimya.

Jaku, muuza kahawa, aligonganisha vikombe.

— Jahazi limefikaje mwituni?

— Bahari ilikuwa huko zamani.

— Na wewe ulikuwa abiria?

Watu walicheka, isipokuwa Borafya.

— Hakuna jahazi wala mashua. Ni choyo cha wale watu wa kule. Mnamkumbuka yule bibi? Kwanza katwambia tuvue viatu, kama tunaingia msikitini. Kisha kanifuata na kata ya kifuu ya kutekea maji, kaning'ang'ania niishike. Nkamwambia, bibi, mimi sinunui kata. Nimekuja na sufuria la watu sitini, ntaoshea kata?

— Ukaliosha na nini? aliuliza Jaku.

— Nkalitumbukiza lote ziwani. Mchanga, sabuni, nkalisugua mpaka likang'aa. Mafuta yakatanda juu ya maji kama hariri. Maji yote yale, sufuria moja litayafanya nini?

Pilau lile tulilila sote, na mimi ndiye niliyegombania ukoko.

— Sikilizeni, alisema Serikali. "Sisi raia watiifu tunanyimwa haki yetu ya kutembea na kupunga upepo."

— Tia neno dhulma, alisema Dira.

— Nshatia mara tatu.

Hapo akaja mtu mmoja, miguu mitupu, mzigo wa ukili wa kushonea mikeka begani.

— Shikamooni. Naambiwa hapa yupo Bwana Miraji, anayewaandikia watu barua.

— Marahaba. Ndiye mimi. Jaku, mpe mgeni kahawa. Watoka wapi?

— Kikungwani. Naitwa Mcha.

Borafya alimsogelea kwa furaha, akampa nafasi.

— Karibu, ndugu yangu. Basi na nyinyi mmefungiwa. Sote tunaonewa.

— Tumefungiwa, alisema Mcha. Lile ziwa ndilo tunalokunywa, hatuna jingine. Tangu mababu, halitiwi chombo chenye masizi. Mtu huvua viatu, huteka kwa kata, humimina kwenye mtungi wake kando. Mwezi uliopita wamekuja watu wa mandari, mimi nlikuwa msibani Makunduchi. Nliporudi, maji yananuka sabuni na samli, watoto matumbo yanawaendesha. Bwana Misitu alipokuja kutazama akasema ni sisi tunaooshea vyombo. Akafunga.

— Sasa mnateka wapi? aliuliza Jaku.

— Mwendo wa saa mbili kwenda, mbili kurudi. Mama mkwe wangu, Bi Mwatima, ndiye aliyewapa watu wale kata wakaikataa. Juzi kaanguka njiani na mtungi kichwani. Nyonga imevunjika.

Sauti yake haikupanda. Alikiweka kikombe chini.

— Mimi sikuja kugombana na mtu, Bwana Miraji. Bwana Misitu kasema tukimpelekea jina la aliyetia sufuria kabla ya Ijumaa, atatufungulia sisi wenyeji. Niandikie barua hiyo.

Serikali aligeuza karatasi yake upande usioandikwa, akachovya kalamu.

— Bi Mwatima kasema aliyelitia ni mpishi, mtu wa mjini, na sufuria kubwa. Nyinyi mnajuana. Nani huyo?

Dira aliangalia njia ya sokoni. Wino ulidondoka karatasini, na Serikali hakuufuta. Borafya alikuwa amekaa kwa mara ya kwanza jioni ile, bega lake linagusana na la Mcha.

— Kahawa imekwisha, alisema Jaku, na dele lake la kahawa lilikuwa bado zito mkononi mwake.

— Mie nshakunywa, alisema Mcha. Nani huyo?