Petroli Yangu, Dizeli Yake

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na asifiwe pia na wale wa nyuma kule ambao bado wanatafuta viti. Kaeni pole pole, sina haraka. Mimi ni Mama Mercy wa hapa hapa Kitengela, na wengi wenu mnanijua kwa ukali wangu. Leo nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye hofu, na alinitolea kwenye yadi ya kuuzia magari, Kajiado mjini. Najua mlitarajia mlima wa maombi. Hata mimi.

Mjue kwanza nilikotoka. Mume wangu, Baba Mercy, alikuwa dereva wa trela, akipeleka mizigo mpaka mpakani Malaba. Safari moja majambazi walimsimamisha, wakamfunga kamba, wakamtupa porini na kwenda na gari. Alipatikana akiwa hai, Mungu ni mwema. Lakini kabla hajapatikana mimi nilikuwa nyumbani nikingoja, na hakuna mtu aliyeweza kuniambia kama bado niko na mume. Ndugu zangu, kungoja kule kuliingia mwilini mwangu na hakukutoka. Yeye alipona, akarudi barabarani, akaendelea miaka mingi. Mimi kila akisafiri chakula kilikuwa hakipiti kooni. Sikumwambia mtu. Mtu aliyeokoka ataanzaje kusema anaogopa?

Kampuni yake ilipopunguza wafanyakazi, yeye alihuzunika sana. Mimi, nasema mbele za Mungu, nilifurahi. Nikaanza kulala usingizi.

Kisha akaja na wazo la kujiajiri. Tununue pikapu kubwa, ile ya kubeba mzigo mzito. Wazo nililipenda. Shida ikawa injini.

Yeye alitaka ya dizeli. Alisema dizeli ina nguvu ya kuvuta, haitishwi na mzigo wala mlima, mafuta yake yanakwenda mbali, na ukiitunza mtazeeka pamoja. Alitaka kupelekea wafugaji wa Mashuuru marobota ya nyasi wakati wa kiangazi, kisha ateremke Oloitokitok arudi na nyanya na kabeji. Mimi nilitaka ya petroli. Nilisema petroli haina kelele, asubuhi ya baridi inawaka mara moja, na kila fundi wa Kitengela anaijua. Dizeli nayo siku hizi kuna watu wanaichanganya na mafuta ya taa, na nozeli zinazonyunyizia injini mafuta zikiharibika utalia. Tena petroli inafaa safari fupi fupi. Abebe simiti, abebe viti vya harusi, na jioni gari iko nyumbani. Hayo yote ni kweli, hata leo nayasimamia. Lakini hiyo haikuwa sababu yangu.

Tulipokosa kuelewana tulifanya vile watu waliookoka hufanya. Tulifunga tukaomba. Tulipofungua, Baba Mercy akaweka kikombe chini na kusema, "Mama Mercy, Bwana ameniambia dizeli."

Nikamwambia, "Ajabu. Mimi ameniambia petroli."

Hapo mazungumzo yakaisha. Ukishasema Bwana amesema, mwenzako atajibu nini? Akikukatalia wewe, amemkatalia Mungu.

Basi tukaanza kugombana kwa maombi. Jioni tukikaa kwa ibada ya nyumbani, yeye anaomba, "Bwana, fungua macho ya mtu fulani katika nyumba hii." Mimi naitikia amina ya meno. Zamu yangu ikifika naomba, "Bwana, shusha kiburi popote kilipo, hata kama kimekalia kiti cha baba." Mimi nilitafuta maandiko ya utulivu, kwa sababu ya injini isiyo na kelele. Yeye akatafuta ya nguvu. Hata ushirika wetu wa nyumbani uligawanyika, wababa dizeli, wamama petroli. Mnacheka, na mlikuwepo.

Nyumbani hatukuwa tunacheka. Mercy yuko shule ya bweni, kwa hivyo chumba chake kilikuwa wazi, na Baba Mercy akahamia huko. Tukawa tunasalimiana kama wapangaji wa ploti moja. Niliona ndoa yangu inakwisha, na inakwisha kwa jina la Bwana. Hilo ndilo lilinitisha zaidi.

Sasa kule Kajiado kuna mfanyabiashara anaitwa Hassan, Mwislamu, mtu wa watu. Alikuwa na pikapu mbili kubwa za kuuza, moja ya dizeli na moja ya petroli. Tukaenda kuziona, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye atakayeaibika. Hassan hakutuuliza Bwana amesema nini. Aliuliza kile ambacho muuzaji yeyote huuliza. "Mama, gari itakuwa inaenda wapi?"

Nikajibu kabla mume wangu hajafungua mdomo. "Haiendi mbali."

Baba Mercy akanigeukia. "Nani amesema haiendi mbali?"

Nilitaka kusema ni Bwana. Nilikuwa nimelizoea hilo neno. Lakini pale, mbele ya mtu wa dini nyingine, na zile gari mbili zimesimama zinatuangalia, ulimi ulikataa. Nikasema, "Ni mimi. Naogopa, Baba Mercy. Sitaki kungoja tena vile nilikungoja." Nikalia, mwanamke mzima, na kitambaa changu cha kichwani. Hassan, Mungu ambariki, akasema anaenda kutuletea chai, na hakurudi upesi.

Nilijua mume wangu ataniambia niko na imani haba. Badala yake aliweka mkono juu ya boneti. Halafu akasema, "Kumbe umebeba hii kitu peke yako." Akaendelea, "Hata mimi Bwana hakuniambia kitu. Mimi naogopa kuketi. Wanaume wenzangu wanapita asubuhi wakienda kazi, na mimi nimeshika kikombe. Naona kama nimezikwa mapema."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi yetu tulikuwa tumeyavika jina la Mungu, na ni nani atakayetibu kitu kinachoitwa sauti ya Mungu? Tulishikana mikono tukaomba ombi fupi kuliko yote tuliyowahi kuomba. "Bwana, tunaogopa. Tusaidie." Tukasikia amina nyuma yetu. Ni Hassan, na vikombe vya chai iliyopoa.

Sikuanguka chini, ndugu zangu, wala sikutetemeka. Nilijisikia mwepesi tu, na njaa ikaniuma.

Tukinywa ile chai tukaanza kuulizana maswali ambayo tulipaswa kuulizana siku ya kwanza. Mzigo ni gani? Ni mzito. Njia ni gani? Ni ndefu na ina vilima. Ukiipakia petroli hivyo kila wiki, itakunywa mafuta mpaka ikufukuze kwa biashara. Kazi yenyewe ikajibu. Ni mimi niliyesema, "Chukua dizeli." Naye akasema, "Basi giza likiingia naegesha, nalala pale nimefika." Mnataka kujua Bwana alikuwa upande wa nani. Sijui. Nafikiri alikuwa anangoja tumalize kelele.

Mwenzangu uliyekaa hapo na "Bwana ameniambia" mdomoni, usiseme nimekataa kwamba Mungu husema na watu. Husema. Lakini muulize moyo wako kwanza kama si hofu inayosema. Kama ni hofu, iite hofu. Mwambie Mungu, hatashtuka. Kisha mwambie yule unayelala naye nyumba moja, hapo ndipo pagumu. Mtegemee Bwana kwa hilo, atakushika kama alivyonishika.

Namshukuru Mungu, na namshukuru mume wangu. Leo mmeona hayuko. Aliondoka jana na nyasi za Mashuuru, na kutoka huko anateremka Oloitokitok. Saa hii sijui amefika wapi. Nisikilizeni vizuri: sijui amefika wapi, na asubuhi nimekunywa chai na mandazi, nikaja hapa, nikaimba. Kesho akirudi itabidi abishe mlango, maana sitakuwa nimesimama nje nikimngoja.