Kupe wa Oliver

Mzee Dotto Shilinde alikuwa kwenye basi la kutoka Kilosa kwenda Mikumi, akifuata chanjo ya ng'ombe. Alitega sikio alipomsikia mwanamke wa kiti cha mbele akimtaja Oliver, binti wa Dotto mwenyewe.

"Dokta Simoni, katika maonyesho yote ya sayansi, tuzo ya chama chetu cha madaktari wa mifugo ni ya yule Oliver wa kijiji cha Zombo. Amehesabu kupe mwezi mzima, akaona maji ya mwarobaini hayawapunguzi, na akaandika hivyo hivyo."

"Dokta Magreti, ng'ombe kumi na wawili, kila asubuhi? Nani alimshikia? Hizo hesabu kazitunga."

"Angetunga, si angetunga ushindi?"

"Wajanja wanalijua hilo pia."

Mzee Dotto alitamani kusema, ila aliogopa ataonekana anamwombea mwanawe tuzo. Tena alishangaa: kumbe mtu husifiwa hata kwa dawa iliyoshindwa?

Basi lilipoingia stendi, uvumilivu ukamwishia. "Samahani, wanangu. Hao ng'ombe ni wangu. Niliwashika mimi."

Wakageuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Simoni akafungua faili. "Ng'ombe wa saba hana hesabu kwa siku tisa. Kwa nini?"

"Alikuwa amezaa, hasogeleki. Nilimwambia Oliver aandike namba yoyote tu, akakataa."

Kondakta alishafungua mlango na abiria walikuwa wanashuka. Simoni alibaki kitini, akipapasa mifuko kutafuta kalamu aandike jibu hilo kwenye faili.